Nyumba ya Murumbi ilibomolewa, bustani ikalindwa na raia

KATIKA bustani ya City Park jijini Nairobi yako makaburi mawili ambayo wengi huyapita bila kujua ni ya nani. Hapo ndipo walipozikwa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, na mkewe Sheila.

Inaelezwa kuwa Murumbi alichagua kuzikwa mahali hapo kwa sababu mbili. Kwanza, alitaka kulala karibu na rafiki yake, Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi na kuuawa Februari 24, 1965, na ambaye kaburi lake limo katika makaburi ya City Park. Pili, alitaka kuwa karibu na mahali ilipokuwa nyumba yake katika mtaa wa Muthaiga.

Nyumba hiyo haipo tena. Ilikuwa imeachwa mikononi mwa serikali ili iwe hazina ya taifa, lakini ikabomolewa na uwanja wake kugawanywa. City Park nayo, ambayo ilitamaniwa na wanyakuzi wa ardhi kwa miaka mingi, ingalipo hadi leo.

Tofauti kati ya hatima ya nyumba na ile ya bustani haikuletwa na sheria peke yake. Nyumba haikuwa na mtu wa kuipigania wakati ilipohitaji kupiganiwa. Bustani ilikuwa na watu wa kawaida ambao, bila mshahara wala cheo, waliizuru kila mara, wakaorodhesha miti yake, wakaokota takataka zake na kupiga kelele kila walipoona mawe mapya ya mipaka yamechimbiwa ardhini.

Bustani yenyewe

City Park iko katika eneo la Parklands, kando ya barabara ya Limuru, kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji. Ukubwa wake ni takriban hekta 60. Ilianza kutumiwa kama bustani ya umma katika miaka ya 1920, wakati Nairobi ilipokuwa bado mji mdogo uliozaliwa na reli.

Sehemu yake kubwa si bustani ya maua bali ni mabaki ya msitu wa kiasili uliokuwa umetanda kaskazini mwa Nairobi kabla ya mji kujengwa. Ni jamaa ya msitu wa Karura, na humo mna miti kama vile muhugu, mugumo na mukinduri.

Muhugu ni mti wa kutajwa kwa namna ya pekee. Mbao zake ni ngumu na hudumu sana, na wachonga vinyago wameutafuta kwa miongo mingi hivi kwamba umekuwa adimu katika misitu mingi. Hukua polepole mno. Anayekata muhugu mmoja mkubwa huharibu kitu ambacho hata wajukuu zake huenda wasikishuhudie kikirejea.

Sehemu nyingine ya City Park ilitengenezwa na watunza bustani wa manispaa. Kulikuwa na bustani za waridi, jukwaa la bendi na ua wa mzingile ambamo watoto hupotea na kutafutana. Peter Greensmith, aliyesimamia bustani za jiji kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi baada ya uhuru, ndiye anayehusishwa zaidi na mandhari ya maua yaliyoipa Nairobi sifa ya jiji la kijani.

Wakazi wengi wanaikumbuka City Park kwa sababu ya kima. Wanyama hao huishi kwenye miti ya msitu na huteremka kuwapokonya wageni ndizi na njugu. Kwa familia nyingi za Nairobi, safari ya Jumapili kwenda kuwatazama kima ilikuwa ndiyo mbuga ya wanyama ya pekee waliyoweza kuifikia kwa miguu au kwa matatu, tena bila kulipa kiingilio.

Katika jiji ambalo maelfu ya watu huishi chumba kimoja kwa familia nzima, kivuli cha bure si anasa. Ndiyo sababu kupotea kwa bustani ya umma huwaumiza zaidi wale wasio na ua nyumbani kwao.

Murumbi na hazina yake

Joseph Murumbi alizaliwa mwaka 1911 huko Eldama Ravine. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mgoa na mama yake Mmaasai. Alisomea India kabla ya kurejea nyumbani, na baada ya viongozi wa chama cha KAU kukamatwa Oktoba 1952, alikuwa miongoni mwa waliobaki kukishikilia chama. Baadaye alikwenda Uingereza alikoendelea kuitetea Kenya uhamishoni.

Baada ya uhuru alihudumu kama Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1966 akateuliwa kuwa Makamu wa Rais kuchukua nafasi ya Jaramogi Oginga Odinga. Alijiuzulu mwaka huo huo. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya yake, ingawa wengi wameihusisha hatua hiyo na uchungu wa kuuawa kwa Pinto na kutoridhishwa na mwelekeo wa serikali.

Akiwa nje ya siasa, Murumbi aliyaelekeza maisha yake kwenye jambo alilolipenda zaidi, yaani kukusanya kazi za mikono na fikra za Waafrika. Alikusanya vinyago, vitambaa, mapambo, stempu, hati na vitabu kutoka pembe zote za bara hili. Miongoni mwa vitabu vyake vilikuwamo zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900.

Mwaka 1972 yeye, Sheila na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage, duka na jumba la sanaa lililowapa soko wasanii wa Kiafrika wakati ambapo wengi hawakuwa na mahali pa kuonyesha kazi zao. Biashara hiyo ilidumu hadi mwaka 2003.

Nyumba ya Murumbi huko Muthaiga ndiyo iliyokuwa kitovu cha mkusanyo huo. Ilizungukwa na miti ya kiasili, na ndani yake kila ukuta ulikuwa na jambo la kusimulia.

Ahadi iliyovunjwa

Katika miaka ya 1970, Murumbi aliamua kuiuzia serikali ya Kenya nyumba hiyo pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyo wake. Wanunuzi kutoka ng'ambo walikuwapo, lakini yeye alikubali bei nafuu ili mali hiyo isiondoke nchini.

Makubaliano yalikuwa kwamba nyumba ya Muthaiga ingehifadhiwa na kugeuzwa taasisi ya mafunzo ya utamaduni wa Kiafrika, ambako watafiti na wanafunzi wangevitumia vitabu na kazi hizo za sanaa. Murumbi na mkewe wakahamia shambani Intona, katika eneo la Trans Mara.

Taasisi hiyo haikujengwa. Vitabu na kazi za sanaa vilipelekwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, jengo la zamani la benki lililo mkabala na hoteli ya Hilton ya wakati huo. Uwanja wa Muthaiga uligawanywa, nyumba ikabomolewa na miti ikakatwa ili kupisha majengo mapya.

Murumbi, ambaye tayari alikuwa amedhoofishwa na kiharusi, alirudi kupaona mahali hapo. Waliomfahamu wamesimulia kuwa alilia. Alifariki Juni 22, 1990. Sheila alimfuata mwaka 2000 na kuzikwa kando yake.

Vitu vilivyokuwa ndani ya nyumba viliponea kwa sababu vilikuwa vimeorodheshwa na kukabidhiwa taasisi yenye wajibu wa kuvitunza. Nyumba na miti yake havikuwa na mlinzi wa aina hiyo. Waliokuwa na mamlaka ya kuvilinda walikuwa ndio hao hao waliokuwa na mamlaka ya kuvigawa, na hapakuwa na kundi lolote la wananchi lililokuwa likipita hapo kila wiki kuuliza kinachoendelea.

Enzi ya unyakuzi

Murumbi alifariki wakati ambapo unyakuzi wa ardhi ya umma ulikuwa umeshika kasi. Viwanja vya michezo, makaburi, kingo za barabara na misitu viligawiwa watu binafsi kwa barua za ugavi, kisha vikauzwa haraka kwa watu wengine, yakiwamo mashirika ya umma, kwa bei ya juu zaidi.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kukabidhi ripoti yake mwaka 2004, ilieleza kwa kina jinsi mtindo huo ulivyofanya kazi. Ardhi iliyotengewa umma iligeuzwa kuwa zawadi za kisiasa.

Hata hivyo, upinzani ulikuwa umeanza mapema. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Alitukanwa bungeni na kufurushwa kutoka ofisi zake, lakini mpango huo ukaachwa.

Mwaka 1991 ilikuwa zamu ya bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa umma na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906. Kulikuwa na pendekezo la kujenga maegesho ya magari ya ghorofa kadhaa. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza kampeni ya wananchi na bustani hiyo ikasalia.

Mwaka 1993 likaundwa kundi la Friends of Nairobi Arboretum ili kuinusuru bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907 kwa ajili ya kujaribu miti iliyokua haraka, wakati ambapo reli ilihitaji kuni. Januari 8, 1999, Wangari na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda mti Karura, msitu ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa kampuni za ujenzi.

City Park ilikuwa katika hali kama hiyo. Vipande vyake pembezoni vilimegwa kimoja baada ya kingine. Kaburi la Murumbi lenyewe lilitelekezwa na kuharibiwa, na ikahofiwa kwamba hata mahali alipolazwa mtu aliyeipa nchi hazina yake pangeweza kuwa kiwanja cha mtu.

Kazi ya wanaojitolea

Kundi linalojulikana kama Friends of City Park lilichipuka miongoni mwa wapenzi wa mazingira walio na uhusiano na Nature Kenya, jina linalotumiwa na Chama cha Historia Asilia cha Afrika Mashariki kilichoasisiwa mwaka 1909. Humo walikuwamo wataalamu wa mimea, watazamaji wa ndege, wakazi wa Parklands na watu waliopenda tu kutembea.

Kazi ya kundi la aina hii huweza kugawanywa katika mafungu manne.

La kwanza ni kuorodhesha. Wanaojitolea hutembea njia za bustani wakiandika aina za miti, ndege na vipepeo wanaowaona, na mahali walipowaona. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afisa anapodai kwamba kipande fulani ni kichaka kisicho na faida, orodha ya mimea ya kiasili iliyomo ndiyo hoja inayoweza kuwekwa mezani.

La pili ni usafi na uponyaji wa msitu. Takataka huokotwa, hasa karatasi za plastiki na chupa kandokando ya vijito. Mimea vamizi kama lantana hung'olewa, kwa sababu isipodhibitiwa husonga miche ya miti ya kiasili. Ni kazi inayochosha na isiyo na mwisho, kwani mzizi mmoja uliosahauliwa huzaa kichaka kipya baada ya mvua. Baada ya kung'oa, hupandwa miche ya miti ya asili ya mahali hapo, si ile inayokua haraka kwa ajili ya picha.

La tatu ni kufundisha. Wanafunzi wa shule hutembezwa na kuonyeshwa tofauti kati ya mti wa kigeni na wa kiasili. Wageni huombwa wasiwalishe kima, kwa kuwa chakula cha binadamu huwadhuru na kuwazoesha kuwapokonya watoto. Somo hilo huwa gumu kulieneza, maana wapo wauzaji wa njugu ambao riziki yao hutegemea mgeni anayetaka kumwona kima mkononi mwake.

La nne, ambalo ndilo lenye uzito zaidi, ni kuwa macho. Anayetembea njia moja kila wiki hutambua mara moja jiwe jipya la mpaka, ua wa mabati uliochomoza usiku au mti uliotiwa alama. Kundi hupiga picha, huandika barua kwa ofisi za jiji na Shirika la Makumbusho ya Kitaifa, huwaita wanahabari na, inapobidi, huomba ushauri wa mawakili.

Unyakuzi hustawi mahali pasipo na mashahidi. Mnyakuzi hahitaji bustani nzima kwa siku moja. Huanza na kona iliyotupwa takataka, akangoja watu waizoee kuwa kona mbaya, kisha akaja na hati. Ndiyo maana kuokota takataka na kulinda mipaka ni kazi moja.

Kinga ya sheria

Juhudi hizo zilipata nguvu mpya baada ya kupitishwa kwa Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Sheria hiyo inamwezesha waziri husika kutangaza mahali fulani kuwa turathi inayolindwa, na anayepajenga, kupaharibu au kupabadilisha bila kibali huwa ametenda kosa.

City Park ilitangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa turathi mwaka 2009. Mwaka huo huo ilifunguliwa Bustani ya Amani ya Murumbi, iliyotengenezwa kuzunguka makaburi ya mume na mke hao kwa jitihada za Alan Donovan na wahisani wengine. Humo viliwekwa vinyago vya wasanii ambao Murumbi aliwathamini, akiwamo mchongaji mashuhuri wa mawe kutoka Kisii, Elkana Ong'esa.

Kwa kuweka sanaa juu ya ardhi iliyotishiwa, waasisi wa bustani hiyo ndogo walipata mambo mawili kwa pamoja. Walimpa Murumbi heshima aliyonyimwa, na walifanya iwe vigumu kwa mtu yeyote kudai kuwa mahali hapo ni kiwanja kitupu.

Baadaye Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni uliingia katika mpango wa kuikarabati City Park kwa ushirikiano na taasisi za serikali.

Katiba ya mwaka 2010 nayo iliongeza silaha nyingine. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinamtaka kila mtu kushirikiana na asasi za serikali katika kuyahifadhi mazingira. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo inapokiukwa, hata bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara.

Maana yake ni kwamba mwanachama wa kundi la kujitolea si mtu anayejiingiza katika mambo yasiyomhusu. Kisheria, anatekeleza wajibu wake.

Mfano wa African Heritage House unaonyesha thamani ya kinga hiyo. Nyumba hiyo, ambayo Donovan aliijenga karibu na Mlolongo ikitazamana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na ambayo usanifu wake unafuata majengo ya udongo ya Afrika Magharibi na ya pwani, ilijikuta katika njia ya reli mpya ya SGR. Kelele zilipigwa, na mwaka 2015 ikatangazwa kuwa turathi ya kitaifa. Donovan alifariki mwaka 2021 akiiacha ikiwa imesimama. Nyumba ya rafiki yake haikubahatika hivyo.

Mipaka ya kujitolea

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba mapenzi ya raia yanatosha. Bustani ya umma inahitaji walinzi wa usiku, maji, vyoo, taa na watunza bustani wanaolipwa. Hakuna kundi la kujitolea linaloweza kubeba mzigo huo wote, na serikali haipaswi kulitumia kama kisingizio cha kuukimbia wajibu wake.

Makundi haya pia hutegemea watu wachache. Wengi wao ni wastaafu au watu wenye nafasi, kwa kuwa kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kuacha kazi kwenda kung'oa lantana. Mhimili mmoja akizeeka, akihama au akifariki, kazi ya miaka inaweza kusimama.

Tena lipo tatizo la nani azungumze kwa niaba ya umma. Muuza njugu, kijana asiye na kazi anayelala kwenye benchi na mkazi wa jumba la kifahari la jirani wote wanaitumia bustani. Kundi likiwa la tabaka moja, yale linayoyaita usafi na usalama yanaweza kugeuka kuwa kuwafukuza maskini.

Karura umeonyesha njia moja ya kukabiliana na baadhi ya matatizo hayo. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2005, wakazi waliruhusiwa kuunda vyama vya kijamii na kutia saini makubaliano ya usimamizi na Huduma ya Misitu. Friends of Karura Forest waliundwa mwaka 2009, ua wa umeme ukajengwa kwa michango, na mwaka 2011 msitu huo wa hekta 1,041 ukafunguliwa kwa umma. Vijana wa mitaa ya mabanda iliyo jirani waliajiriwa kama askari wa msitu, na mahali palipoogopwa kwa wizi na mauaji pakawa pa kutembea na kuendesha baiskeli.

Lakini Karura hutoza kiingilio, na pesa huleta maswali yake. Mwaka 2025 ulizuka mzozo kuhusu mfumo wa kukusanya ada hizo, na suala hilo likafikishwa mahakamani. Ulikuwa ukumbusho kwamba ushirikiano kati ya raia na serikali unapaswa kuandikwa wazi, kuanzia pesa hadi mamlaka, kabla ya mambo kuharibika.

Mahali pengine duniani

Kenya si nchi ya kwanza ambako raia walichukua jukumu lililowashinda wenye mamlaka. Nchini Marekani, nyumba na shamba la rais wa kwanza, George Washington, huko Mount Vernon, vilikuwa vikioza katikati ya karne ya 19. Serikali ya kitaifa na ile ya jimbo la Virginia zote zilikataa kuvinunua.

Mwaka 1853 mwanamke aitwaye Ann Pamela Cunningham aliwaita wanawake wenzake wachange. Wanawake hao, ambao wakati huo hawakuwa hata na haki ya kupiga kura, walikusanya dola 200,000 na kukubaliana na mwenye mali mwaka 1858. Chama chao kingali kinaimiliki na kuitunza nyumba hiyo.

Katika jiji la New York, bustani ya Central Park ilikuwa imechakaa na kuogopwa katika miaka ya 1970. Mwaka 1980 raia waliunda shirika la Central Park Conservancy, ambalo hukusanya michango, huratibu wanaojitolea na kuitunza bustani kwa makubaliano na jiji. Ardhi imesalia kuwa ya umma.

Mifano hiyo miwili inafanana na ya Nairobi katika jambo moja. Hakuna kundi lililofaulu kwa siku moja ya upandaji miti mbele ya kamera. Yote yalifaulu kwa kurudi tena na tena.

Yaliyosalia

Anayetaka kuiona sehemu ya hazina ya Murumbi anaweza kuzuru Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, ambako vitabu na kazi nyingi za sanaa zimewekwa. Sehemu nyingine imo katika Nairobi Gallery, jengo la mawe lililojengwa mwaka 1913 na kutumiwa zamani kama ofisi ya mkuu wa mkoa, ambako wakazi waliandikisha kuzaliwa, ndoa na vifo.

Kule Muthaiga hakuna cha kutazama. Aliyeipa nchi nyumba yake hana hata ukuta mmoja wa kuonyesha pale ilipokuwa.

Kinachoweza kutazamwa ni City Park, pamoja na kasoro zake zote. Yeyote anayetaka kuitumikia hahitaji shahada wala utajiri. Matembezi ya kutazama ndege, siku za kusafisha vijito na za kupanda miche hupokea wageni, na jozi ya viatu imara na glavu hutosha kuanzia.

Watu wachache wanaokutana asubuhi moja kwa wiki huenda wasionekane kuwa nguvu kubwa mbele ya tingatinga. Lakini tingatinga lilipofika Muthaiga halikukuta mtu hata mmoja aliyesimama mbele yake.